Kupiga Windows upya hakutoshi: jinsi ya kupona baada ya spaiwea, na Linux pembeni

Habarini za jioni jamani, shikamooni wakubwa zangu, wengine mambo vipi. Wale mliosimama nyuma kuna viti vya plastiki hapo koridoni, vuteni mkae, maana haya maneno ya kompyuta ukisikiliza umesimama miguu inachoka kabla ya kichwa. Nimeambiwa niongelee spaiwea, yaani programu zinazochungulia na kuiba siri zako kwenye kompyuta, na jinsi ya kuweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine moja na Windows, na kwa kuwa nawaona hapa watu wa steshenari, wahasibu wa maduka ya Kariakoo na vijana wa grafiki, nitaongea ya kwenu. Sitawapeleka kwenye Pegasus, ile spaiwea ya majasusi, ni ghali mno, hakuna mtu ataitupa kwa anayelamineti vyeti Mwenge.

Kinachotupata sisi ni kitu cha bei chee. Kuna programu kazi yake ni kuiba tu, RedLine ilianza kuonekana 2020, Lumma ikaja 2022, zinakodishwa kwa mwezi yaani mwizi wala hahitaji kujua kutengeneza programu, analipa anapewa. Polisi wa Uholanzi na FBI walizivamia seva za RedLine Oktoba 2024, Microsoft na wenzake wakaibana Lumma Mei 2025, biashara ikayumba lakini haijafa, wanafunga duka hili wanafungua lile.

Sasa inaingiaje kwako. Tusidanganyane hapa, tunajuana. Ni kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli uitumie bure. Unataka Photoshop hutaki kulipa, unataka Office, unataka aktiveta ya kuifungulia Windows bila kulipa, unaingia YouTube kuna video chini yake kuna linki, unashusha faili la zipu lenye paswedi na paswedi wamekuandikia pembeni 1234, na maelezo yanasema zima antivairasi kwanza ndio ufungue. Umewahi kujiuliza kwanini zipu ina paswedi? Ili antivairasi isione ndani. Na kwanini uizime? Jibu unalo. Mtu anakwambia mfukuze mlinzi nipitishe mzigo na wewe unamfukuza mwenyewe.

Ikishafunguka haikai muda. Hili ndilo watu hawalijui, wanadhani kirusi ni kile kinachojaza shotikati kwenye fleshi na kompyuta inakuwa nzito. Hii haifanyi mashine nzito. Inachukua paswedi zote ulizosevu kwenye brauza, inachukua kuki, vile vifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye brauza ili ikukumbuke, inachukua folda ya Telegram, faili za pochi za sarafu za mtandaoni kama unazo, inapiga picha ya skrini, inafunga furushi inatuma, na nyingi zikimaliza zinajifuta. Paswedi kwenye brauza kweli zimefungwa kwa msimbo, ila ufunguo wake uko chini ya akaunti yako ya Windows, na programu uliyoifungua wewe inahesabika kuwa ni wewe. Chrome waliongeza kufuli jingine Julai 2024, wezi wakatafuta njia ya kuzunguka.

Na kuki ndio mbaya kuliko paswedi. Kuki ndiyo inaiambia Gmail huyu ameshaingia, usimuulize tena, kwahiyo mwizi akiibeba anaingia bila paswedi na bila ile namba inayokuja kwa meseji. Ndio maana unasikia mtu analalamika mbona mimi nilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili na bado wameingia.

Kwahiyo mtu anagundua, anakimbilia kwa fundi, fundi anapiga Windows upya elfu kumi na tano, kila mtu anafurahi. Mwizi kaingia kachongesha funguo zako kaondoka, na wewe unadeki sebule. Akaunti zako bado ziko mkononi mwake, haijalishi laptopu inang'aa kiasi gani.

Mpangilio unaofaa ni huu, na nitaupitia taratibu maana ndio kiini cha jioni hii. Zima wifi au hotispoti ya mashine iliyoumia, usihangaike kuiskani kwanza. Chukua kifaa kingine kisafi, simu yako inatosha kama hukufungua upuuzi uleule humo, uanze na imeili. Imeili kwanza kabla ya benki, kabla ya Facebook, kwasababu kila kitu kingine kinabadilishiwa paswedi kupitia imeili, ukibadilisha Facebook wakati mwizi yuko ndani ya Gmail anasoma tu linki anairudisha. Badilisha paswedi, halafu ingia sehemu ya vifaa utoe vifaa vyote usivyovijua, afadhali utoe vyote kabisa uingie upya, maana hiyo ndiyo inaua zile kuki. Kisha angalia namba ya simu na imeili ya kurejesha akaunti kama ni zako. Halafu angalia vichujio na forwadi, yaani sheria za kupanga imeili na za kuzipeleka kwingine zenyewe. Hapo kwenye forwadi watu wengi wanapasahau, mwizi anaweka sheria kimyakimya kwamba kila imeili yenye neno invoisi nakala iende kwake.

Na hili kwa watu wa Kariakoo mnielewe vizuri. Mnaagiza mzigo Guangzhou, mnaongea na sapulaya kwa imeili na WeChat, mwizi anakaa anasoma tu hana haraka, siku ya kulipa inakuja imeili inayofanana kila kitu, ila imesema akaunti ya benki imebadilika tafadhali lipa hapa. Hakuhitaji pini yako ya M-Pesa, pini haiko kwenye kompyuta. Alihitaji kujua unalipa lini na kiasi gani. Kwahiyo ukishaumwa wapigie sapulaya kwa sauti, waambie hakuna mabadiliko ya akaunti mtakayokubaliana kwa imeili. Benki nao wapigie. Kama hela imeondoka nenda polisi uchukue RB, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na benki nyingi bila RB mazungumzo hayaendi mbali.

WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa, toa vyote. Telegram hivyohivyo. Halafu ndio mengine, LinkedIn sijui nini, hayo utayamaliza wikiendi.

Sasa mashine. Nyaraka zako zimo ndani na hutaki kuiwasha Windows yenye ugonjwa. Hapa ndipo Linux inaingia kwa mara ya kwanza, na wala hujaiweka bado. Tafuta kompyuta safi ya rafiki, shusha Linux Mint, moja ya aina za Linux, ni karibu GB 3 kwahiyo tafuta bando la usiku, iandike kwenye fleshi kwa programu ya Rufus au Etcher, chomeka kwenye laptopu yako ubuti, yaani uiwashe, kutoka kwenye fleshi. Linux inafunguka yote kutoka humo, diski haijaguswa, na Windows imelala, kilichomo ndani yake hakifanyi kazi. Unafungua folda zako unakopi picha, PDF, Excel, kazi za wateja kwenda kwenye diski ya nje. Usikopi setapu wala EXE yoyote, yaani faili la programu, hata ile ya draiva unayoipenda, utaishusha upya kwa wenyewe. Kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la diski la Windows, itakuomba ufunguo wa kurejesha, mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Halafu unafuta patisheni zote, yaani vyumba vyote vya diski, zote, sio ile risetti ya kubonyeza ndani ya Windows hiyohiyo, unapiga kutoka kwenye fleshi iliyotengenezwa kwenye mashine safi. Windows kwanza, Linux baadaye. Ukigeuza, Windows inajiweka mbele kwenye foleni ya kubuti na Linux huioni tena.

Kuna mzee pale ananiangalia kama namuuzia shamba. Mzee wangu, si lazima uhame. Kama unatumia Tally ya uhasibu, hiyo ni ya Windows, baki nayo huko. Ninachosema ni kugawa. Upande wa Windows kwa ile programu moja mbili usiyoweza kuiacha, upande wa Linux kwa imeili, benki na mawasiliano ya hela. Na faida kubwa kwa maoni yangu sio kwamba Linux haina virusi, huo ni uongo wa vijiweni. Machi 2024 mtu aliyejifanya mchangiaji mwema alikutwa ameingiza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, kwenye xz, programu ndogo iliyomo kwenye Linux karibu zote, mtengeneza programu Andres Freund akaigundua kwasababu aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Faida ni kwamba huhitaji kraki. LibreOffice ya nyaraka bure, GIMP ya picha bure, Inkscape ya michoro bure, unazitoa kwenye stoo ya Mint yenyewe, na ile safari ya kwenda YouTube kutafuta linki inakufa. Mlango uliokuumiza unazibwa kwa kukosa sababu ya kuufungua.

Ila hata hiyo Mint uikague. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia tovuti ya Linux Mint yenyewe wakageuza linki, watu wakashusha toleo lenye mlango wa nyuma. Ukishashusha linganisha ile sha256, namba ndefu ya utambulisho wa faili, ya kwako ifanane na waliyoitangaza wenyewe, ni dakika mbili.

Kabla ya kuweka, ndani ya Windows punguza patisheni kwa Disk Management, programu ya Windows ya kugawa diski, acha angalau GB 20, mimi ningesema 60 kama nafasi ipo. Zima Fast Startup, ile ya kuwasha Windows haraka, la sivyo Windows haizimiki kabisa na Linux itakuonyesha faili zako bila kukuruhusu kuandika. Saa nayo itakuchanganya: Linux inaisoma saa ya mashine kama UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, kwahiyo ukirudi Windows utakuta iko nyuma masaa matatu, na risiti zako zitatoka na muda wa ajabu. Upande wa Linux fungua dirisha la amri, Terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1, basi. Na Agosti 2024 apdeti moja ya Windows iliwazuia watu wengi kubuti Linux, skrini ikawa inatoa kosa lenye neno SBAT, kwahiyo fleshi yako usiifomati, iweke droo.

Dada ameuliza printa. Nyingi za HP zinakubali zenyewe, Canon kuna zinazosumbua, jaribu ukiwa bado kwenye fleshi kabla hujaweka chochote. Laptopu za zamani? Hizo ndio zenyewe. Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa ya Intel ianzie kizazi cha nane, na mashine nyingi za mtumba tulizonazo ni za kizazi cha nne, cha tano. Mint ikipata RAM GB 4 inakwenda.

Swali la mwisho, kaka wa fulana nyekundu, anauliza kama akiwa Linux anaweza kutumia Wine, programu ya kufungulia programu za Windows ndani ya Linux, kufungua ile Photoshop yake ya kraki. Hapana kaka. Wine kwa kawaida inaifanya diski yako yote ya Linux ionekane kama diski Z, kwahiyo kilichomo kwenye hiyo kraki kitasoma folda yako ya nyumbani kama kilivyosoma Windows. Kama lazima Photoshop lipia ya mwezi, iweke kule Windows, na usiingie benki ukiwa huko.