Vijiti Vinne vya Kiberiti: Mhadhara kwa Wanaotunza Wazee

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za mchana. Mliokuja na mama zenu, wakalisheni huku mbele penye kivuli.

Nimekuja na kiberiti. Natoa vijiti vinne, navipanga hapa mezani. Binti, chukua vyako vinne, panga kama vyangu. Ahsante, umeweza. Hicho ni kipande cha kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa hapa kwetu Kilimanjaro, wilayani Hai, na watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao wa Newcastle, Uingereza, ili kuwatambua wazee wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Kipimo kilichoenea duniani tangu 1975 kinamtaka mzee achore pembetano mbili zilizopishana, aandike sentensi, tena aanzie mia akitoa saba saba. Sasa bibi aliyeshika jembe maisha yake yote, hajawahi kushika kalamu, utamwambiaje achore pembetano? Atashindwa, nawe utaandika kwamba akili imepungua, kumbe ulichopima ni kwamba hakusomeshwa. Jambo hili huniuma. Kiberiti anakijua, amekiwasha alfajiri ngapi jikoni kwake. Kwa hiyo anapanga vijiti, anaeleza daraja ni nini, anataja wanyama kwa dakika moja, anasema leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani, anasomewa maneno kumi na baadaye anaulizwa anayakumbuka mangapi.

Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijijini Hai wakawachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliokuwa na dimenshia, baada ya hesabu kurekebishwa kwa kuzingatia umri, ni asilimia 6.4. Yaani katika wazee 100, kama sita hivi. Basi anayesema “ni uzee tu” anijibu: mbona hao wengine 90 na ushee ni wazee vilevile na hawapotei njia ya kwao?

Kwetu ugonjwa huu hujificha kwenye upendo. Mzee analetewa chai, anashikwa mkono kwenda kanisani au msikitini, fedha zake anatunziwa. Ukiuliza kama anaweza kulipa bili peke yake, hupati kitu. Hai wakaona waulize ya kwetu: bado anaombwa ushauri? Bado ana nafasi yake kwenye shughuli za ukoo?

Baba yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akigawa nyama tunapokusanyika nyumbani Desemba. Mnajua nyama ya ukoo, kila kipande kina mwenyewe. Mwaka mmoja alishika kisu, akalitazama paja muda mrefu, kisha akampa mdogo wake: “Gawa wewe, mkono unaniuma.” Tukamkandia mkono kwa maji ya moto. Mkono haukuwa na kitu. Tulipompeleka kutibiwa tukaambiwa uzee hauna dawa, tukarudi naye. Ilipita miaka miwili ndipo akapotea kwenye njia ya mgombani aliyoichonga mwenyewe, na watu wakaanza kunong’ona kwamba karogwa.

Yeye ni mwanamume, aliponea kwenye minong’ono. Bibi akikutwa usiku uani kwa jirani, hajui amefikaje, anaitwa mchawi. Usukumani na Kilifi vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo. Sijui nilale vipi nikifikiri wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu.

Kwa hiyo, tafadhali, mpelekeni mzee apimwe mapema. Yapo yanayofanana na dimenshia nayo yanatibika: sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Akichanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hakutambui, huenda ni maambukizi. Hospitali siku hiyohiyo. Na nyie wa miaka arobaini, pimeni presha na sukari, maana ubongo wa uzeeni unaanza kuharibiwa sasa.

Dimenshia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Lakini huko Hai walijaribu tiba ya vikundi, vikao 14 kwa wiki saba: wazee wanaimba, wanajadili vyakula, wanasimulia ya zamani. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka, wasiwasi ukapungua. Nasi tukaiga nyumbani, kwa namna yetu.

Desemba iliyopita tulimweka baba mkubwa kitini karibu na nyama. Mdogo wake akawa ananyanyua kipande: “Kaka, hiki cha nani?” Vingine alivitaja sawasawa. Vingine aliwapa ndugu waliokwisha fariki, na kila alipomtaja marehemu, mtoto wa marehemu alisimama akapokea kwa mikono miwili.