Kurekebisha Rangi ya Gari Iliyoharibiwa na Mashine ya Polishi

Ndugu mafundi, wenye gari, na vijana mlio katika mafunzo, Assalaamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie gari zinazofikishwa gereji zetu, Unguja na Pemba, zikiwa zimeshapigwa polishi na mtu asiyeijua kazi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mashine ya polishi haiongezi kitu juu ya rangi, inapunguza. Gari nyingi tunazoagiza kutoka Japani zina praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia, kisha rangi yenyewe, kisha klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwa kawaida ni maikroni (sehemu za elfu za milimita) 35 hadi 50 tu, yaani haifiki unene wa unywele. Klia ndiyo inayoikinga rangi na jua, na jua letu mnalijua wenyewe. Kwa hiyo kabla hatujaulizana namna ya kuondoa michirizi, tujue klia kiasi gani imebaki.

Asiyejua huanza kwa kompaundi kali, yaani dawa ya kusugulia rangi, na pedi ya sufi, na wengine, Mungu awasamehe, huifunga pedi hiyo kwenye grainda ya kukatia vyuma, inayozunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, ilhali kazi hii kwa kawaida haihitaji kuvuka 2,000. Rangi hupata moto, na kingo za boneti na milango, ambako klia ni nyembamba zaidi, huungua mwanzo. Bampa la plastiki huungua upesi kuliko bati, kwa sababu plastiki haisambazi joto.

Gari ya namna hiyo ioshwe kwa maji baridi mengi mpaka chumvi na mchanga vitoke, ikaushwe kivulini, kisha boneti ifutwe kwa spiriti. Msiruke hatua hii, kwa kuwa polishi nyingi huacha mafuta yanayojaza mikwaruzo, na gari iliyong'ara jana gerejini huonekana imechanika baada ya kuoshwa mara mbili tatu. Mafuta yakishatoka, sogezeni tochi moja karibu na bati: mtaona mawimbi ya mwanga yakifuata njia ileile aliyoipitisha mashine yule aliyetangulia.

Pimeni unene kwa kipimo cha rangi, sehemu nyingi, hasa karibu na kingo. Kipimo hutoa jumla ya tabaka zote, hakitengi klia, na vile vya kawaida havisomi juu ya plastiki. Pale panaposoma chini sana kuliko jirani yake, pedi isiguse. Penye unene wa kutosha, jaribuni kipande kidogo kwa mashine ya mzunguko wa pande mbili, ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba, sifongo laini na polishi nyepesi, mkikandamiza kidogo. Mawimbi yakipotea, basi. Mkwaruzo mmoja mzito uachwe, maana kuufuata mpaka chini ni kuimaliza klia. Sifongo likianza kushika rangi ya gari yenye klia, simamisheni mashine papo hapo.

Palipoungua hapana dawa ya polishi. Kipande kizima kipigwe msasa, rangi irudishwe, na klia mpya ipulizwe mpaka kwenye mpaka wa bati, kwa sababu kiraka cha klia katikati ya boneti huanza kumenyuka ukingoni mwake. Vipimo vyote viandikwe kwenye karatasi na akabidhiwe mwenye gari, ili fundi wa baadaye ajue pa kugusa na pa kuacha.