Gitaa Husema Kwanza: Jinsi Black Sabbath Walivyotunga Pamoja

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie namna bendi inavyotunga kwa pamoja, na bendi niliyoichagua naona imewakunja nyuso baadhi yenu. Black Sabbath: vijana wanne wa Aston, mtaa wa watu wa viwandani mjini Birmingham, Uingereza. Walianza mwaka 1968, na bila wao kukusudia ukazaliwa muziki wa doom: gitaa zito, mwendo wa kukokota, maneno ya vita, kifo na hofu. Candlemass wa Sweden na Paradise Lost wa Halifax walikuja baadaye sana, na wote wanakiri deni lao.

Hoja yangu ni moja. Katika bendi hii utunzi ulikwenda kwa zamu. Gitaa lilisema kwanza, wengine watatu wakalijibu. Ukimtoa mmoja wa wale wanaojibu, muziki unageuka hata kama mpiga gitaa ni yule yule.

Sisi tuliolelewa na taarab tumezoea kinyume chake. Shairi linatangulia, vina na mizani vimeshakaa sawa, kisha mwenye kutia muziki anakaa nalo faragha. Kwa Sabbath maneno yalikuja mwisho. Wimbo uliweza kuwa umekamilika kila kitu, umefanyiwa mazoezi wiki nzima, na bado hauna hata jina.

Basi tuanze na gitaa, na gitaa tulianzie kwenye vidole. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi. Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepata sifa kubwa huku vidole vyake viwili vikiwa havifanyi kazi baada ya kuungua moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga vifuniko vya vidole, akavisugua mpaka vikaenea, kisha akabandika vipande vya ngozi juu yake ili visiteleze kwenye waya.

Vifuniko hivyo havihisi kitu. Ukivaa plastiki kidoleni hujui umebana kwa nguvu kiasi gani, na nyuzi nene zinakuumiza. Akatafuta nyuzi nyembamba, akachanganya na za banjo. Akapendelea kupiga noti mbili kwa pamoja badala ya kodi kamili, yaani noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Ilipofika santuri ya tatu, mwaka 1971, kwenye baadhi ya nyimbo alizilegeza nyuzi nusu-toni tatu chini ya kawaida. Uzi uliolegea haumpi kidole taabu, na sauti yake inashuka na kunenepa. Nawaambia wanafunzi wangu kila mara: sauti ambayo vijana wa leo wanainunulia vifaa vya mamilioni, chanzo chake ni mtu aliyetafuta namna ya kupiga bila maumivu.

Sasa rifu. Hicho ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, na kwa Sabbath wimbo mzima umejengwa juu yake. Chukueni wimbo wenye jina la bendi yenyewe. Ni noti tatu tu: G, kisha G ya juu, kisha C-sharp, na hiyo ya mwisho anaitetemesha. Umbali kati ya G na C-sharp ni ule unaolifanya sikio likose raha, kama neno lililokatizwa katikati. Geezer Butler, mpiga besi, alikuwa anajaribu kuchezea sehemu ya „Mars" ya mtunzi Gustav Holst. Iommi akaisikia, akarudi na noti zake tatu. Kwa hiyo hata pale gitaa liliposema kwanza, kuna besi iliyokuwa imeshanong'ona.

Wenzetu wapiga dansi mtauliza, ridhim, yaani mpiga gitaa la pili anayeshika mwendo, yuko wapi? Hayupo. Mwanzoni walikuwa sita, na gitaa la pili na saksofoni. Wakavunja kundi, wakarudi wanne. Butler mwenyewe alikuwa mpiga ridhim kabla ya kushika besi, na hilo lilimsaidia. Anaifuata rifu noti kwa noti, lakini anaivuta, anaipinda, na Iommi akiondoka kwenda kupiga solo, besi inapanda kujaza chumba. Ukisikiliza kwa spika mbovu utadhani ni gitaa mbili.

Halafu mpiga drams, Bill Ward. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiye anayesahaulika. Muziki wa pole ni mtego kwa mpiga drams. Kati ya noti na noti kuna nafasi kubwa, na ukihesabu tu moja, mbili, tatu, nne, ile nafasi inakufa. Ward alilelewa na jazi, akimpenda mpiga drams Gene Krupa. Kwenye ule wimbo wa noti tatu hapigi mwendo wa moja kwa moja. Anazunguka kwenye ngoma kubwa na ndogo, anachelewa, anaanguka pamoja na gitaa, kisha anaachia kimya. Anamjibu Iommi kama wanazungumza. Wimbo unapokuja kukimbia mwishoni, ni yeye anayeufungulia mlango.

Ozzy Osbourne, mwimbaji, alikuwa wa mwisho kwenye zamu. Alibuni melodi papo hapo, mara nyingi kwa kuifuata rifu yenyewe, akiimba maneno yoyote yaliyomjia. Kwenye „Iron Man" sauti na gitaa vinatembea njia moja hatua kwa hatua. Inasimuliwa kwamba alipoisikia ile rifu alisema inafanana na jitu la chuma linatembea, na Butler, ambaye aliandika sehemu kubwa ya mashairi ya bendi, akatunga kisa kizima kutokana na hilo. Nyimbo nyingi za enzi hizo zina majina ya wote wanne kama watunzi. Nadhani ilikuwa haki kabisa.

Santuri ya kwanza waliirekodi London, Oktoba 1969, kwa siku moja tu. Waliweza kwa sababu nyimbo zilikuwa zimeshachakazwa majukwaani. Wimbo „Paranoid" ulitungwa haraka haraka kwa vile santuri ya pili ilipungua dakika chache. Basi msidhani kutunga pamoja lazima kuchukue miezi.

Lakini zamu ya namna hii ina hatari: mwenye kuanza akikauka, wote wanakauka. Mwaka 1973 Iommi aliganda huko Los Angeles, hakuna rifu inayokuja, na wenzake wakabaki wanamtazama. Walirudi Uingereza, wakapanga kwenye ngome ya zamani ya Clearwell, wakafanya mazoezi chini kwenye vyumba vya handaki. Hapo ikaja rifu ya „Sabbath Bloody Sabbath".

Mwaka 1979 Ozzy akatoka, akaingia Ronnie James Dio, aliyeandika mashairi yake mwenyewe na kuimba akiikata rifu badala ya kuifuata. Iommi akalazimika kumwachia nafasi, akaweka mfuatano wa kodi pale ambapo zamani angeweka rifu tupu. Santuri ya 1980, „Heaven and Hell", ni nzuri mno, na ni bendi nyingine.

Kisha santuri ya 2013. Ozzy na Butler wapo, Iommi anatunga huku akitibiwa saratani, na wenzake wamemfuata Uingereza ili asisafiri. Ward hakuafikiana nao kuhusu mkataba, akaletwa mpiga drams mwingine, Brad Wilk. Prodyuza Rick Rubin aliwakalisha wakasikiliza santuri yao ya kwanza. Santuri hiyo mpya ilishika namba moja Uingereza na Marekani. Mimi naiheshimu, siipendi. Rifu zipo, uzito upo, ila zile nafasi kati ya noti zimepigwa kwa adabu. Wanne wa asili walipanda jukwaani pamoja tena Julai 5, 2025, uwanja wa Villa Park, hapo hapo Aston, Ward akiwa kwenye drams. Ozzy alifariki Julai 22.

Msinikubalie kwa maneno. Fundi mitambo atatupigia ule wimbo wa noti tatu uliotoka 1970, kisha „End of the Beginning", unaofungua santuri ya 2013 kwa mwendo unaofanana nao. Gitaa mtaliona ni lile lile. Sikilizeni drams, halafu tubishane.