Chambo laini: uzito kwanza, rangi baadaye

Mhadhara kwa wavuvi wa mshipi, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Najua giza la mwezi limerudi na wengine usiku huu mnaingia ziwani na taa kutafuta dagaa, kwa hiyo sitawaweka sana.

Hiki nilichoshika ni chambo cha plastiki laini, urefu wake sentimita 4. Ni PVC, ndugu yake yale mabomba ya maji, ila imechanganywa na mafuta ya kulainisha mpaka ikawa inacheza. Mwaka 1949 huko Akron, Ohio, nchini Marekani, Nick Creme alitengeneza mnyoo wa plastiki, na tangu hapo vyambo hivi vimesambaa dunia nzima. Wenzetu wa kule hutumia vile vidogo kabisa kwa samaki wanaoenea kwenye kikaango, kama bluegill na crappie. Sisi tunao wa kwetu wa kikaangoni, jamii ya perege wanaoishi kwenye mawe ya ufukwe huu. Wala chambo bandia si kitu kigeni hapa. Mzee aliyefunga unyoya wa kuku kwenye ndoano akapandisha mgebuka, tayari anaijua nusu ya ninayoyasema.

Vijana wakiniona na pakiti hizi swali la kwanza ni rangi. Ipi inavua, ya kijani au ya waridi? Naomba swali hilo tuliweke pembeni kwanza. Ukinipa rangi mbaya na uzito sahihi, nitakula samaki. Ukinipa rangi nzuri na risasi nzito kwenye ndoano, nitarudi na kikapu kitupu.

Tazameni mtungi huu wa kioo. Nadondosha ndoano yenye kichwa cha risasi cha karibu gramu 2. Imeshafika chini. Sasa hii nyingine, kichwa chake hakifiki gramu 1, chambo ni kilekile. Mmeona ule mkia unavyotetemeka njiani? Hapo ndipo samaki anapokula: chambo kikiwa kinashuka. Mdudu aliyeanguka majini hazami kama jiwe, na samaki mdogo aliyechoka naye hivyo hivyo.

Kuna na sababu ya pili, nayo wengi hawaijui. Samaki hawa hawang'ati kama mbwa. Anasogea karibu, anafungua kinywa ghafla, maji yanaingia na kila kilichomo. Anavuta, kama mtu anavyovuta uji wa moto ukingoni mwa kikombe. Chambo chepesi kinaingia na maji. Kizito kinabaki pale pale, wewe juu unasikia mdonoo mmoja, kisha kimya, unasema samaki wa leo wana ujanja. Hawana ujanja wowote. Kichwa chako cha risasi kimewashinda kuvuta.

Kwa hiyo anza na uzito mdogo kabisa ambao mkono wako bado unaweza kuurusha na kuusikia. Asubuhi tulivu, kwenye kina cha mita 2 au 3, gramu 1 inatosha, na mshipi uwe mwembamba, wa kubeba kilo 2 hivi. Mshipi mnene hukizuia chambo kushuka, faida yote ya wepesi ikapotea. Ule upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi ukianza, ongeza kidogo, au weka boya dogo juu na uache mawimbi yenyewe yachezeshe chambo. Mimi hupenda boya kuliko njia zote, kwa sababu linanilazimisha kutulia.

Kutulia ndiyo kazi ngumu. Rusha, hesabu moja, mbili, tatu, nne mpaka kina unachotaka, vuta shubiri moja, acha kishuke tena. Mkumbuke kwamba crappie macho yake yametazama juu, hula kinachopita juu yake. Ukimpitishia chambo chini ya tumbo hakioni. Nimevua miaka mingi nikiwa na haraka ya kuzungusha gurudumu la mshipi, na samaki wengi niliwaacha nyuma yangu.

Umbo nitalipitia upesi. Mkia mwembamba ulionyooka ni wa samaki waoga na maji maangavu. Mkia uliojikunja au wenye umbo la kasia unapiga maji, unafaa maji ya tope, kama ndugu zetu wa Tabora wanayokutana nayo mvua zikijaza mabwawa. Chomeka ndoano katikati kabisa ya mwili, chambo kikae kimenyooka. Kikipinda kitazunguka na kusokota mshipi wote. Fundo nalo lisogeze juu ya tundu la ndoano ili chambo kining'inie kimelala, kwa kuwa samaki mzima hasimami wima. Na ukiona mikia inanyofolewa bila samaki kunasa, kata kipande upande wa kichwa, ndoano isogee karibu na mkia.

Haya, rangi. Hapa Ziwa Tanganyika siku tulivu unaona mawe mita nyingi chini, basi tumia rangi zinazopenyeza mwanga, za dagaa. Nyekundu hufifia mapema majini na kuonekana kama nyeusi, kwa hiyo usiilipie zaidi. Maji yakichafuka, nyeusi au njano kali.

Kuna samaki wawili nataka niwataje. Ngege hula zaidi mwani. Usimpotezee muda na plastiki. Kuhe yeye ni mla samaki na atakimbilia chambo chako, lakini dume na jike hulinda mayai na watoto wao pamoja. Ukiona wawili wamesimama juu ya wingu la vifaranga, nakusihi, pita. Ukiwatoa hao wazazi, vifaranga wote wanaliwa kabla hujafika nyumbani.

Plastiki hii haiozi, na samaki akiimeza inabaki tumboni. Kila kipande kilichochanika kirudi mfukoni mwako, hata kama ni mkia tu. Nyumbani zihifadhi kwenye pakiti zake, kivulini, kila rangi peke yake. Zikilala pamoja zinaambukizana rangi, na yale mafuta ya kulainisha yanayeyusha baadhi ya makopo ya plastiki ngumu.

Mtungi nauacha hapa mezani. Wazee tangulieni, dondosheni wenyewe muone. Vijana, kila mmoja achukue ndoano mbili, moja nyepesi na moja nzito, na kesho saa 12 asubuhi tukutane kwenye mawe kabla upepo haujaamka.