Wati 20 tu: kubadili spika za gari bila kung'oa redio yake

Ndugu mafundi, nanyi wenye magari mliokuja kusikiliza, karibuni. Leo redio tunaiacha ilipo. Kamera ya nyuma imeungwa humo, vitufe vya usukani vinaitegemea, na wengi hawataki dashibodi ifumuliwe. Kama kinachokukera ni gari la Japani kuishia FM 90, hiyo ni kazi ya kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Spika hazihusiki hapo.

Tuanze na namba moja, maana maamuzi mengine yote yanatoka humo: redio ya kawaida ya gari inatoa takriban wati 20 kwa kila spika. Injini ikiwaka, umeme wa gari unakuwa volti 13.8 hadi 14.4. IC ya sauti, yaani chipu ya amplifaya iliyo ndani ya redio, inasukuma ncha zote mbili za spika, moja ikipanda nyingine inashuka, hivyo kilele cha wimbi kinafika volti 12 au 13. Kwa kipimo cha RMS, yaani kiwango cha wimbi kinachofanya kazi kweli, hiyo ni kama volti 9. Zidisha 9 kwa 9, gawanya kwa omu 4, unapata wati 20. Yale maandishi ya "50W x 4" usoni mwa redio ni ya kilele, sauti ikiwa imeshapasuka zamani.

Sasa mtu ananunua spika kwa sababu boksi limeandikwa wati 300. Hizo ni wati ambazo spika inaweza kuvumilia, na redio yako haitazifikia hata siku moja. Unachotakiwa kusoma ni desibeli: sauti inayotoka kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Spika ya desibeli 86 ikipewa wati 20 inasikika sawa na ya desibeli 92 iliyopewa wati 5. Kwa hiyo nzito ya bei kubwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya, ikiungwa kwenye redio hii inaweza kulia chini kuliko ile ya karatasi uliyoitoa. Tafuta 90 na kuendelea. Na uwe macho: boksi likisema kipimo kilichukuliwa kwa volti 2.83, kwa spika ya omu 4 hiyo ni wati 2, basi punguza desibeli 3 kabla ya kulinganisha.

Omu ziwe 4. Mita itakuonyesha kati ya 3.2 na 3.8, usishtuke, ndiyo spika ya omu 4 hiyo. Kuunga spika mbili sambamba kwenye chaneli moja kunaleta omu 2: IC inachemka, redio inajizima ukipandisha sauti, na siku moja haiwaki tena.

Kwenye Toyota nyingi spika ya mlangoni ni ya sentimita 16, imefungwa kwa ribiti pamoja na fremu yake ya plastiki. Toboa vichwa vya ribiti kwa drili, usizing'oe kwa bisibisi, utapinda bati. Kabla ya kununua, teremsha kioo hadi mwisho upime nafasi kutoka bati hadi kwenye kioo. Sumaku ya spika mpya mara nyingi ni ndefu zaidi, ndiyo maana tunaweka ringi ya kuinulia. Ringi ya MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa, inakunywa maji na kuvimba, hasa kwa magari ya pwani, na ikivimba skrubu zinalegea. Tumia ya plastiki ngumu, au mbao iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote, mpaka ndani ya matundu ya skrubu.

Waya sasa. Soketi ya Toyota yenye pini 10 inabeba umeme na spika za mbele, ya pini 6 inabeba za nyuma. Kwa kawaida mbele kulia ni kijani hafifu chanya na bluu hasi. Mbele kushoto waridi chanya na zambarau hasi. Nyuma kulia ni nyekundu na nyeupe, nyuma kushoto nyeusi na njano, chanya ikitangulia. Nasema kwa kawaida, kwa sababu gari lililopita mikononi mwa mafundi watatu rangi zake haziaminiki. Chomoa soketi kwenye redio, gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 kwenye jozi ya waya kwa nukta moja: koni ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Fanya hivyo kwa zote nne. Moja ikigeuzwa hakuna kitakachoungua, ila besi inapotea na mwimbaji hajulikani yuko wapi. Mwenye gari atalaumu spika.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Hasi ya spika si bodi ya gari. Redio ikiwaka, chanya na hasi ya spika kila moja ina karibu volti 6 au 7 kutoka bodi. Mazoea ya kurudisha hasi kwenye bodi, kama tunavyofanya kwenye taa, yanaua IC. Hata waya uliochubuka na kugusa bati la mlango unatosha. Ndiyo maana viungo vya waya nataka vichomwe risasi na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Selotepu ya umeme kwenye joto la mlango inalegea gundi na kuteleza.

Jambo jingine: baadhi ya Toyota zenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) kwenye dashibodi, waya wa spika ya mlango unapitia kwanza kwenye soketi ya twita. Ukiitoa twita, mlango unanyamaza. Unga kipande cha waya pale ili sauti ipite hadi mlangoni. Na ukiweka twita mpya, iwe na kapasita isiyo na chanya wala hasi: mikrofaradi 4.7 kwa omu 4 inakata chini ya hezi 8,500 hivi. Bila kapasita, besi inaichoma twita.

Je, tubadilishe waya wa kiwandani? Mita 4 za waya wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi, zina omu 0.28. Hasara ni desibeli 0.6. Ukiweka wa 1.5 hasara inakuwa 0.2. Sikio halitaona tofauti. Pesa hiyo nunua shiti za lami za kubandika mlangoni.

Kwa maana mlango ndio boksi la spika. Sauti ya nyuma ya koni ikipita kwenye matundu na kukutana na ya mbele, besi zinafutana. Ziba matundu makubwa ya bati la ndani, weka sponji kati ya spika na ringi, kati ya ringi na bati. Lile karatasi la nailoni lirudishwe, linazuia maji yasiingie kwenye kava. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango usiyaguse, maji ya mvua yanatokea hapo.

Anayetaka zaidi ya wati 20 atafute amplifaya ndogo inayopokea waya za spika moja kwa moja. Chaneli 4 za wati 50 za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, zinahitaji kama ampea 18: waya wa milimita za mraba 8 wa shaba halisi, fyuzi ya ampea 30 ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Kwaruza waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, basi panda saizi moja. Kurekebisha geini, yaani kile kirekebishi cha ukuzaji kwenye amplifaya: chomoa spika kwenye amplifaya, cheza mlio wa hezi 1,000, redio robo tatu ya sauti, besi na trebo kwenye sifuri, pandisha geini hadi mita ya AC, iliyowekwa pale spika zilipokuwa, isome volti 14.1. Ukisikia mluzi unaopanda na mwendo wa injini, anza na ethi, yaani waya wa hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi: kwangua rangi mpaka bati ling'ae, waya usizidi nusu mita, na bolti isiwe ya mkanda wa kiti.