Timu Ni Yetu, Tajiri Si Wetu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa mpira, wakubwa zangu shikamooni. Ahsanteni kwa kunialika.

Naomba nianze na dakika moja tu. Tarehe 5 Machi 2022, uwanja wa Turf Moor, Burnley wanaikaribisha Chelsea. Urusi imeivamia Ukraine siku tisa zilizopita. Kabla ya kipenga kupulizwa, uwanja mzima unasimama na kupiga makofi kwa ajili ya watu wa Ukraine. Katikati ya makofi hayo, kutoka jukwaa la wageni, linasikika jina likiimbwa: Abramovich, tajiri wa Kirusi aliyekuwa mwenye Chelsea wakati ule. Wenyeji wanazomea. Wimbo unazidi. Chelsea ilishinda mabao manne kwa bila siku ile, lakini kocha Thomas Tuchel alipokaa mbele ya waandishi hakuwa na furaha ya ushindi. Alisema wazi kwamba ule haukuwa wakati wa ujumbe mwingine.

Mimi ni shabiki wa Chelsea. Siku ile nilikuwa mbele ya televisheni, na sikuona aibu. Nilimkasirikia mtangazaji. Nilijiambia, hawa waandishi wametusubiri miaka kumi na tisa, tangu Abramovich ainunue timu, leo wamepata nafasi ya kututafuna. Waacheni vijana wamwimbe mtu aliyewapa kila kitu. Nilisema hivyo kwa sauti, sebuleni kwangu, watu wakisikia.

Mhadhara huu ni kuhusu hasira ile. Nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu si ya kwangu peke yangu. Mashabiki wa Newcastle wanayo, wa Manchester City wanayo, na kila tajiri mpya anaponunua timu Uingereza, hasira hiyo inazaliwa upya.

Kwanza tuelewane inatoka wapi. Shabiki hasemi "wameshinda". Anasema "tumeshinda". Timu ikifungwa, "tumefungwa". Hakuna mtu anayesema hivyo kuhusu benki anayoweka pesa zake. Sasa gazeti linapoandika habari mbaya za mwenye timu, kichwa cha habari kinabeba jina la timu, na picha ya juu ni nembo ya timu. Mwandishi amemlenga mtu mmoja mwenye mabilioni. Msomaji mwenye skafu shingoni anasikia ametukanwa yeye, na baba yake aliyempeleka uwanjani mara ya kwanza, na babu yake aliyekufa bila kuona kombe.

Hilo la babu si maneno ya kupamba. Chelsea ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1955, kisha ikangoja miaka hamsini. Abramovich aliinunua mwaka 2003 kwa pauni milioni 140 hivi pamoja na madeni. Tarehe 30 Aprili 2005, Frank Lampard akafunga mawili kule Bolton na ubingwa ukarudi. Ukimwambia mtu aliyelia siku ile kwamba pesa zile zina maswali, umemgusa pabaya. Kwake yeye zile si pesa, ni furaha ya maisha yake.

Newcastle nao, muwaelewe. Miaka 14 chini ya Mike Ashley, mwenye timu wa zamani, wakashuka daraja mara mbili, mwaka 2009 na 2016. Hata jina la St James' Park liliondolewa kwa muda, uwanja ukapewa jina la duka lake la vifaa vya michezo. Kwa hiyo tarehe 7 Oktoba 2021, habari ilipotoka kwamba mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia umenunua asilimia 80 ya klabu, maelfu walijazana nje ya uwanja wakiimba, wengine wamejifunga vilemba na kanzu za kuigiza Waarabu. Magazeti ya kesho yake yalikuwa na mambo mawili: picha za shangwe ile, na jina la Jamal Khashoggi, mwandishi aliyeuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul mwezi Oktoba 2018.

Hapo ndipo majibu ya mashabiki yalipoanza, na mnayajua, kwa sababu yanafanana kila mahali. Mbona serikali ya Uingereza inawauzia Saudi Arabia ndege za kivita na hamwandiki hivyo? Mbona hamkutusemea tulipokuwa tunateswa na Ashley? Mbona timu fulani nayo ina mdhamini fulani? Nyani haoni kundule.

Sikilizeni, majibu haya yana ukweli ndani yake na mimi sitayafanyia dhihaka. Uingereza inauza silaha Saudi Arabia, hilo halina ubishi. Ligi Kuu yenyewe haikujipatia sifa. Ununuzi ule wa Newcastle ulikwama mwaka mzima na zaidi, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyoukwamisha lilikuwa ugomvi wa haki za televisheni, kwa kuwa mechi za ligi zilikuwa zinarushwa kwa wizi huku kituo cha beIN Sports cha Qatar, chenye haki hizo, kikiwa kimepigwa marufuku Saudi Arabia. Marufuku ile ilipolegezwa, siku iliyofuata timu ikauzwa. Ligi ikasema imepewa uhakika wa kisheria kwamba dola ya Saudi Arabia haitaidhibiti klabu. Shabiki wa kawaida hakuulizwa hata neno moja. Hakupiga kura, hakutia saini, alisikia redioni kama mimi na wewe. Mwandishi anayemwambia kwamba ameuza roho yake anamwonea, maana muuzaji alikuwa Ashley, na aliyegonga muhuri ni ligi.

Lakini tazameni namna majibu hayo yanavyotumika. Mtu anayeuliza "mbona silaha?" kwa nia njema angeendelea kuuliza habari za silaha kesho na keshokutwa. Wengi wetu hatukuendelea. Tulilishika swali lile kama ngao, gazeti likikunjwa, ngao tunaiweka chini. Najua, kwa sababu mimi nilikuwa na swali langu la namna hiyo kuhusu Urusi na mabenki ya London, na sikuwahi kulifuatilia.

Manchester City wamefika mbali zaidi. Mwezi Februari 2023 Ligi Kuu iliwafungulia mashtaka zaidi ya mia moja ya kanuni za fedha, ambayo klabu inayakana. Siku chache baadaye walicheza na Aston Villa nyumbani, na jukwaani likapandishwa bango kubwa lenye uso wa David Pannick. Pannick si mchezaji. Si kocha. Ni wakili wa klabu. Nimeliangalia bango lile mara nyingi. Mashabiki wa mpira wamechanga, wamechora, wamebeba mpaka uwanjani sura ya wakili. Naelewa walikotoka: UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, iliwafungia miaka miwili kucheza Ulaya kwa mambo ya fedha mwezi Februari 2020, na Julai mahakama ya usuluhishi wa michezo ikaufuta uamuzi ule na kupunguza faini kutoka euro milioni 30 hadi 10. Wakaona wameonewa, na wakili ndiye shujaa. Hata hivyo naumia nikiona upendo wa mpira umegeuzwa kuwa shughuli ya kutetea vitabu vya hesabu ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvifungua.

Na mtu anayetetewa hivyo yuko wapi? Sheikh Mansour wa Abu Dhabi ameimiliki City tangu 2008. Alikuja kuiona ikicheza na Liverpool mwaka 2010, na kurudi kwake kuitazama tena kwenye mechi kulikuwa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya kule Istanbul mwaka 2023. Mechi mbili mpaka wakati ule.

Sasa nije kwenye jambo lililonibadilisha, maana sikubadilishwa na gazeti.

Tarehe 20 Aprili 2021, karibu miezi kumi na moja kabla ya Burnley, mashabiki wa Chelsea walijaa barabarani nje ya Stamford Bridge. Siku mbili nyuma klabu 12, sita zikiwa za Uingereza, zilikuwa zimetangaza ligi yao ya matajiri, ya kujifungia ndani bila hofu ya kushuka. Basi la wachezaji likashindwa kupita. Petr Čech, kipa wetu wa zamani ambaye sasa alikuwa kiongozi wa klabu, akatoka nje kwa miguu, akajichomeka katikati ya watu, akawasihi wampe muda. Walimpigia kelele usoni. Čech! Mtu aliyetuletea kombe la Ulaya Munich! Jioni ile ile ikajulikana kwamba Chelsea inajitoa, na mechi na Brighton ikachelewa kuanza. Mpango mzima ukaporomoka ndani ya siku mbili hizo.

Nilishangilia kwa machozi. Niliwaambia watu: mnaona, timu ina wenyewe.

Mwenye timu siku ile alikuwa nani? Abramovich. Yule yule. Vyombo vya habari siku ile vilimshambulia yeye na wenzake vikali kuliko wakati wowote, na hakuna shabiki wa Chelsea aliyesema tunaonewa. Tulikuwa upande wa waandishi. Tuliweza kabisa kuipenda timu na kumkataa tajiri kwa pumzi moja, wala hatukuhitaji mtu atufundishe.

Miezi kumi na moja baadaye uwezo huo ulikuwa umekwenda wapi? Nimelizungusha swali hili kichwani muda mrefu, na jibu nililolipata silipendi. Mwezi Aprili aliyeumizwa alikuwa sisi. Mwezi Machi aliyeumizwa alikuwa mtu wa mbali, mama fulani amejificha chini ya ardhi Kharkiv, Ukraine, ambaye hajui nani ni kiungo wetu wa kati.

Ukishaliona hilo, mengine yanajipanga. Manchester United familia ya Glazer iliinunua mwaka 2005 kwa pauni milioni 790 hivi, sehemu kubwa ikiwa mikopo, na mzigo wa deni ukaangukia klabu yenyewe. Mashabiki wao wamewapinga kwa ukali unaozidi gazeti lolote. Wapo waliokwenda kuanzisha timu yao, FC United of Manchester. Mwaka 2010 Old Trafford ilifunikwa na skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu kabla haijaitwa United, mpaka David Beckham, mchezaji wao wa zamani aliyekuja kama mpinzani, akavaa moja shingoni. Kosa la Glazer ni nini? Anachota. Abramovich, Mansour, Saudi Arabia wao wanaleta. Shabiki ana swali moja kwa tajiri: unaleta au unachota? Swali la pili, zimetoka wapi, anawaachia waandishi, kisha anawachukia kwa kuliuliza. Ukipenda chongo, utaita kengeza.

Tarehe 13 Machi 2022 Chelsea ilicheza na Newcastle Stamford Bridge. Siku tatu kabla, serikali ya Uingereza ilikuwa imezizuia mali za Abramovich kwa kusema ana ukaribu na Putin, jambo ambalo mwenyewe amekuwa akilikanusha. Duka la klabu limefungwa, tiketi mpya haziuzwi, safari ya mechi ya ugenini imewekewa kikomo cha pauni 20,000. Na siku moja kabla, Saudi Arabia ilitangaza kutekeleza hukumu ya kifo kwa watu 81 kwa siku moja. Kocha wa Newcastle, Eddie Howe, aliulizwa. Akajibu kwamba atazungumzia mpira. Kai Havertz akafunga dakika za mwisho, tukashinda moja bila, na mimi nikaruka. Niliruka, sikatai. Sikuombi wewe uache kuruka.

Ninachokiomba ni kidogo kuliko hicho. Gazeti likimtaja tajiri, msome tajiri. Usijiweke wewe mahali pake. Yeye ana mawakili, ana wasemaji, ana pesa za kununua kurasa nzima za matangazo. Hakukuajiri. Wapo mashabiki wachache wa Newcastle waliounda kikundi cha kupinga wamiliki wao na bado wanaishangilia timu. Wametukanwa na wenzao, wameitwa wasaliti. Mwezi Machi 2025 Newcastle ilipoifunga Liverpool mbili kwa moja Wembley na kuchukua kombe lake la kwanza la ndani tangu 1955, hakuna mwenye haki ya kuwaambia watu wale kwamba furaha ile si yao.

Chelsea iliuzwa mwezi Mei 2022 kwa pauni bilioni 2.5, zikawekwa kwenye akaunti iliyozuiwa, na ahadi ilikuwa ziwafae waathirika wa vita vya Ukraine. Miaka ikapita zikiwa zimekaa pale pale. Wamiliki wapya wengi wao ni Wamarekani, na mashabiki wameshaandamana dhidi yao pia. Timu ikiyumba, jina la Abramovich bado huimbwa jukwaani. Mnalisikia wenyewe kwenye televisheni. Nyumbani kwangu, wimbo ule ukianza, mimi hunyamaza mpaka uishe. Kisha naendelea kutazama mpira.

Naona mikono kule nyuma. Karibuni kwa maswali.