Ngoma Haifundishwi kwa Saa Moja

Mbukwenyi! Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Chamwino, walimu na wanamuziki wenzangu, nimeombwa nieleze kwa nini mtu anayepata riziki yake kwa kupiga gitaa na kinanda katika kumbi za mjini hapa Dodoma hutoa fedha na muda wake kila kiangazi kwa ajili ya kambi ya muziki na ngoma kijijini. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili mpaka mkachoka, na leo pia sina nia ya kuwahurumia.

Habari za kambi yenyewe mnazijua: mavuno yakishaingia ghalani na shule zikifungwa, watoto na wazee hula, hulala na huimba mahali pamoja. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye sauti, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Uzi wa zeze ukitetemeka, hautoi sauti moja tu. Ndani ya sauti hiyo mna nyingine ndogo zinazopanda kwa mpangilio wa maumbile, ya pili, ya tatu, ya nne na kuendelea, na muziki wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi hiyo. Kuanzia ile ya sita hadi ya kumi unapata noti tano, ambazo ndizo ilimba, ala yetu ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, huzifuata. Sasa ile ya saba ni tatizo kwetu sisi wapiga vinanda, maana iko chini ya noti iliyo jirani nayo kwenye kinanda kwa takriban theluthi ya nusu toni, yaani theluthi ya hatua iliyopo kati ya kitufe na kitufe cha jirani. Hakuna kitufe chake. Ukibonyeza kilicho karibu utakuwa juu, na ukibonyeza kinachofuata upande wa chini utakuwa umeporomoka kabisa.

Katika kambi mojawapo alikuja kijana mpiga kinanda wa kwaya, hodari kweli kweli, ambaye alijitolea kumsindikiza mzee mmoja wa zeze. Baada ya kuhangaika kwa muda alisimama, akasema kwa adabu, “Babu, zeze lako limeshuka.” Mzee akamwuliza kinanda chake kilitiwa sauti na nani. Kijana akajibu kwamba kilitoka kiwandani hivyo hivyo. “Basi, mjukuu wangu,” akasema mzee, “hao wa kiwandani hawakupata kumsikia mama yangu.” Watu walicheka sana, ila kilichonivutia mimi ni kilichofuata. Kijana alikiweka kinanda pembeni, akawa anakaa jioni kwa jioni katikati ya waimbaji, akishika sauti yake huku wa kulia kwake wakiimba ya juu na wa kushoto wakiimba ya chini. Hakuna aliyempa somo la mitetemo ya nyuzi. Kabla kambi haijavunjwa koo lake lilikuwa limeipata ile noti ya saba, naye hakujua ameipata lini. Mwalimu wake alikuwa yule aliyeketi ubavuni mwake, ambaye kila alipopotoka alimvuta kwa sauti yake mwenyewe.

Najua kuna anayetaka kusema kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye simu. Kimo, na mimi ninazo rekodi nyingi kuliko wengi wenu. Lakini rekodi haikusikii wewe. Katika muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, akina mama wakiwa wamezibana ngoma katikati ya mapaja, kila mmoja hupiga mdundo wake usiofanana na wa mwenzake, na binti anayejifunza hana budi kuushika wa kwake wakati wa jirani unamburuta. Ukipotea, rekodi inaendelea na safari yake. Mama Mgogo hakuachi, atakukazia macho mpaka urudi.

Mwalimu mmoja aliwahi kunijibu kwamba shule zinatosha, kwa kuwa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, zina fani za ndani, yaani ngoma, kwaya na sanaa nyingine za jukwaani. Ninaziheshimu fani za ndani. Hata hivyo, ngoma inayoandaliwa kwa majuma machache ili ilete kikombe hukatwakatwa ikae ndani ya dakika za majaji, kisha njuga hurudishwa stoo hadi mwaka ujao. Afadhali hata hiyo kuliko ngoma ya kumpokea mheshimiwa, ambapo kikundi husimama juani tangu asubuhi na, magari yanapofika, mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetubana.

Wengine hunikumbusha kuwa Hukwe Zawose, mtoto wa Doduma hapa hapa kwetu, aliipeleka ilimba duniani bila kambi ya mtu yeyote. Jamani! Pale Bagamoyo aliishi na wanawe, wajukuu na jamaa zake, wakiimba pamoja nyumba nzima, na alipofariki mwaka 2003 muziki ulibaki nao. Kama hiyo si kambi, basi ni kambi isiyo na tarehe ya kufungwa. Na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kiko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Mtoto wa darasa la nne hatasafiri kwenda huko ili akajifunze nyimbo za bibi yake.

Iko hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Muheme ulipigwa katika unyago, na unyago wetu ulikuwa na kisu. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na wapo wazazi wanaohofu kwamba ukiirudisha ngoma unarudisha na kisu. Hofu hiyo ni halali. Ndiyo maana kambini akina mama wenyewe huwaeleza mabinti waziwazi kilichokuwa kikifanyika na kwa nini kimeachwa, ndipo ngoma zipigwe. Kilichonishangaza ni wale waliotaka ngoma nazo zizikwe pamoja na kisu, ilhali Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akalalamika kwamba tumefundishwa rumba na chachacha huku wengi wetu tukiwa hatujui kucheza hata gombe sugu, ngoma ya jadi ya nchini mwetu. Wizara ya utamaduni ikaundwa. Chachacha imetutoka, na gombe sugu bado hatuichezi.

Nilikusudia kuzungumzia pia wasichana wanaotaka kushika zeze, ala ambayo kwa desturi imekuwa ya wanaume, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Itoshe kutaja kwamba mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe, walitoa albamu yao wenyewe. Wazee wanaobisha wakaisikilize kwanza, kisha tubishane.

Kuhusu michango: tunahitaji unga wa uwele, ngozi za kuwambia ngoma, na nauli za wazee wanaotoka mbali. Katibu ameketi mlangoni na daftari lake. Fulana zenye picha ya mfadhili tunazo za kutosha.